Nimenunua glavu, jiki na antibaiotiki za akiba, je nyumba yangu iko tayari kwa mlipuko wa ugonjwa?

*"Habari za kazi daktari. Kila nikishika simu ni habari za mlipuko wa ugonjwa, mara huu mara ule, na mimi ni mtu wa wasiwasi sana. Nyumbani tuko sita, vyumba viwili na sebule, choo kimoja. Mama mkwe ana miaka 71, ana presha na sukari, na mtoto wetu wa mwisho ana miaka miwili. Nimeshanunua boksi mbili za glavu, madumu matatu ya jiki, sanitaiza, na duka la dawa nikachukua na antibaiotiki za akiba. Kila kinachoingia ndani nakifuta na jiki mpaka mikono imeanza kubabuka. Mume wangu anasema namaliza hela kwa hofu tu. Kitu gani hasa natakiwa kuwa nacho ndani? Na siku mmoja wetu akiugua kweli tutamweka wapi wakati nyumba yenyewe ndo hii? Na je, mume akitoka kazini avulie nguo mlangoni?"*

Dada yangu, pole. Hofu yako sio ya kijinga, mtu mwenye mzee wa sukari na mtoto mdogo ndani ana haki ya kuwaza mapema, na mumeo pia hajakosea sana maana sehemu ya ulichonunua haitakusaidia. Ila ukisoma tena barua yako utaona swali la kununua umelianza mbele na lile la tutamweka wapi mgonjwa umelitupia huku mwishoni kama nyongeza, wakati kwangu mimi hilo ndo swali lenyewe. Vitu unaweza kununua kesho, lakini saa nane za usiku mtu ana homa kali hamjui nani anamhudumia, analala wapi na bibi anahamia wapi, hapo ndo nyumba inapoanguka.

Kabla sijafika huko tuelewane kitu kimoja. Ugonjwa wa kuambukiza hauji kwa ujumla ujumla tu, kila mmoja una njia yake ya kuingia mwilini, na ukishaijua njia unajua papo hapo kipi kati ya ulivyonunua kina kazi na kipi ni mzigo. Surua, mafua makali na korona zinapita kwenye hewa tunayopumua pamoja, na surua ndo mbaya zaidi kwenye hili, kirusi chake kinaweza kubaki hewani mpaka masaa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, sasa hapo hata ukifuta meza mara mia hujagusa tatizo. Kipindupindu na typhoid zinapita mdomoni, kwa maji, chakula na mikono yenye kinyesi ambacho hata hukioni, barakoa hapo haina kazi. Ebola na Marburg zinapita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mtu ambaye tayari ana dalili. Mpox, ile zamani ikiitwa ndui ya nyani, zaidi ni kugusana ngozi na vipele, pamoja na mashuka na nguo za mgonjwa. Dengue inaletwa na mbu, na yule mbu anauma hata mchana, kwahiyo kufunika mapipa ya maji kuna maana kuliko sanitaiza zote za dunia. Ukisikia tangazo la mlipuko, kabla hujakimbilia dukani tafuta jibu la swali moja tu, huu unaingiaje? Wizara ya afya na Shirika la Afya Duniani huwa wanalieleza hilo mapema sana, na kama ugonjwa ni mpya kabisa na bado hawajajua, unashika yote mawili, hewa na mikono, mpaka ieleweke.

Sasa jiki na mikono yako. Mwaka 2020 dunia nzima tulifuta mifuko ya sokoni, tukafuta mpaka vitunguu. Baadaye ikaonekana korona inaambukiza hasa kwa hewa, na mwaka 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikakadiria kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye kirusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000. Kwahiyo vitu vikiingia panga mahali pake, nawa mikono na sabuni sekunde 20, basi imeisha. Kubabuka kwa mikono sio jambo dogo, ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu na inauma, na mkono unaouma mtu anauosha juu juu. Acha kushika jiki mikono mitupu, nawa na sabuni ya kawaida, paka mafuta.

Jiki usiitupe lakini, ina kazi yake, ila dumu moja lingetosha maana klorini inapungua nguvu ikikaa na hayo matatu mpaka uyamalize la mwisho litakuwa limechoka. Soma lebo, nyingi ziko karibu asilimia 5. Kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 9 vya maji ndo ya kusafishia palipomwagika matapishi, kinyesi au damu. Kikombe 1 kwa vikombe 99 ni ya kufuta kawaida kama kitasa cha choo. Na uchafu wenyewe uondoe kwanza kwa karatasi au kitambaa, ndo umwage jiki uiache kama dakika 10, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inaisha nguvu kwa uchafu kabla haijafika kwa kijidudu, hapa watu wengi ndo wanapokosea wanamwaga juu ya tope la matapishi na kufuta hapo hapo. Changanya ya siku hiyo tu, kesho changanya nyingine. Usiichanganye kamwe na dawa za choo zenye asidi wala zenye amonia, inatoa gesi inayoharibu mapafu. Usimpulizie mtu mwilini. Na una mtoto wa miaka miwili, naomba sana, isikae kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika tano.

Glavu nazo. Ukizivaa kutwa nzima zinageuka kuwa mikono ambayo haioshwi, unashika mlango, simu, uso, mtoto, na ndani unajisikia salama. Zitunze kwa kazi moja, kumsafisha mtu aliyetapika, aliyeharisha au anayevuja damu. Kuzivua ndo kuna ufundi wake, unabana ile ya kwanza kwa nje karibu na kiganja cha mkono, unaivuta ikigeuka ndani nje, unaikunja kwenye mkono uliobaki na glavu, alafu kidole kitupu unakipitisha ndani ya ile ya pili unaivuta igeuke na kuimeza ile ya kwanza. Tupa, nawa. Jaribu leo ukiwa na rangi ya chakula au tope kidogo kwenye vidole vya glavu uone kama mkono umetoka msafi, wengi mara ya kwanza hautoki msafi.

Sanitaiza iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu, na ni ya njiani zaidi, mahali hakuna maji. Mkono wenye uchafu unaoonekana haisaidii, na kwenye ile milipuko ya kutapika na kuharisha inayoletwa na kirusi cha tumbo kinachoitwa norovirus ni dhaifu, sabuni inaishinda.

Antibaiotiki. Hapa nitakuwa mkali kidogo, dada. Kirusi hakifi kwa antibaiotiki, sio surua, sio mafua, sio dengue, sio korona. Na hata pale ugonjwa ukiwa wa bakteria, dawa ya huu sio ya ule, dozi ya mzee sio ya mtoto, na ukimpa mtu vidonge viwili vitatu kisha akaja hospitali unatuvurugia vipimo na unalea vijidudu sugu ndani ya nyumba yako mwenyewe. Zirudishe pale pale duka la dawa, wakikataa kurudisha hela waombe waziteketeze, usimpe jirani.

Haya, cha kuwa nacho. Namba moja haikuwepo kwenye orodha yako kabisa, ni dawa za mama mkwe. Wakati wa mlipuko kuna watu wanaumia bila hata kuugua huo ugonjwa, kliniki zinajaa, usafiri unakatika, dawa ya presha inaisha wiki mbili hakuna aliyekumbuka. Mwombe daktari wake amwandikie akiba ya wiki mbili mpaka mwezi mbele, zile za zamani zitumike kwanza ili akiba isiozee kabatini. Betri za mashine ya presha, vipimo vya sukari vya kutosha, na kumbukeni mtu wa sukari akipata homa yoyote sukari yake huwa inapanda, kwahiyo siku za ugonjwa anapimwa mara nyingi zaidi. Namba mbili pia hukuitaja, kadi za chanjo. Toa kadi ya huyo wa miaka miwili uangalie surua, inatakiwa dozi mbili, ikipungua nenda kituoni wiki hii. Muulizie na mama chanjo ya mafua na ya nimonia kama zinapatikana mlipo. Chanjo inafanya kazi usiku umelala, boksi la glavu haliwezi hilo.

Baada ya hapo ni vitu vya kawaida, sabuni ya kutosha, kipima joto, parasetamoli ile wengi tunaiita Panadol (ya mtoto inapimwa kwa kilo zake, sio kwa kukadiria kijiko), barakoa kiasi, pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) kama kumi na vidonge vya zinki vya mtoto. Aspirini asipewe mtoto, na kama kuna dengue au ugonjwa wowote wa kutoka damu mahali mlipo basi hata wakubwa waachane na aspirini, ibuprofen na diclofenac, zinaongeza kuvuja damu. Chakula, mnachokula siku zote cha kuwavusha wiki mbili, ukiongeza kidogo kidogo kila ukienda kununua. Maji hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku za kunywa, kupikia na usafi kidogo, nyie sita ni lita 24 kwa siku, siku tatu ni lita 72, na kama maji yenu huwa yanakatika zidisha. Yakiwa na mashaka chemsha, yakishachemka kweli kweli yaache dakika 1.

ORS nataka niikalie kidogo kwa sababu ndo dawa inayodharauliwa kuliko zote. Kwenye kipindupindu au kuharisha kukali mtu anauawa na kukauka, maji na chumvi vinatoka haraka kuliko vinavyoingia, kipindupindu kinaweza kumaliza mtu mzima ndani ya masaa. Ukimpa maji matupu utumbo unashindwa kuyashika vizuri, lakini ukuta wa utumbo hata ukiwa unaumwa bado una mlango mmoja unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na zikipita zinavuta maji nyuma yake. Ndo siri yote hiyo. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh wakimbizi walifurika India, kambi ya Bangaon kipindupindu kikawaka na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari na chumvi kwenye maji, na waliokuwa wananywesha wagonjwa walikuwa ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka chini ya 4. Ndugu wa kawaida, vikombe mkononi.

Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja, isizidi chumvi ya machozi, ikizidi mwaga uanze upya maana chumvi nyingi inaweza kumuua mtoto. Ikimaliza masaa 24 mwaga. Huyo wa miaka miwili kila akiharisha anapata mililita 100 mpaka 200, akitapika subiri dakika 10 uendelee kijiko kimoja kimoja, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14. Na usikae nyumbani na kuharisha kwa maji maji mengi eti kwa sababu una ORS, anakunywa njiani mkielekea kituoni.

Sasa tutamweka wapi. Nisikilize vizuri hapa. Kuambukizwa kunategemea sana umepata kijidudu kiasi gani na kwa muda gani, ndo maana tafiti za majumbani za mwaka 2020 kwenye korona ziliona kwamba wengi waliokuwa wanaishi nyumba moja na mgonjwa hawakuambukizwa. Kwahiyo msikate tamaa mkasema tunalala pamoja basi tumekwisha. Kila saa unayopunguza, kila dirisha unalofungua, kinahesabika.

Kwa nyumba yenu, mgonjwa wa ugonjwa wa hewa anapewa chumba kimoja chenye dirisha, waliokuwa wanalala humo wanahamia sebuleni. Mama mkwe anakaa kile cha pili, na sheria ni moja, yeye haendi kumwona mgonjwa, hata kama mgonjwa ni mwanae. Mwambieni mapema sasa hivi akiwa mzima, kwa heshima, aelewe sababu, siku yenyewe mkianza kumzuia mlangoni ataona mnamtenga. Mhudumu awe mmoja, mwenye afya, wewe au mumeo, sio kila mtu anaingia kumpa pole. Mlango umefungwa, dirisha wazi, na kama mna feni iwekeni dirishani ikitazama nje isukume hewa itoke, ukiigeuzia ndani unawapelekea wengine. Mgonjwa anavaa barakoa mtu akiingia, mhudumu anavaa iliyokaa vizuri usoni, kama N95, ile barakoa nzito inayochuja hewa vizuri, inapatikana ni bora zaidi, unaingia unafanya la kufanya unatoka, stori mnapiga kwa simu. Mkikosa kabisa chumba, kitanda cha mgonjwa kiende dirishani, wengine mita 2 na vichwa vielekee upande mwingine.

Choo kimoja sio mwisho wa dunia. Mgonjwa anatumia wa mwisho inapowezekana, kifuniko kinafungwa kabla ya kuvuta maji, kitasa na bomba vinafutwa, dirisha linaachwa wazi kwa muda kabla ya anayefuata. Vyombo vyake sabuni na maji vinatosha, hakuna haja ya kuvichoma. Nguo na mashuka usiyakung'ute, yabebe mbali na mwili, fua, anika juani.

Akiugua huyo mdogo je? Hapa niwe mkweli, mtoto wa miaka miwili hatengwi, atalia mpaka mtoke wote mkambebe. Mkiona mdogo ana homa geuzeni mpango, anayetengwa ni bibi, na kama kuna ndugu mwingine anayeweza kumpokea mapema kabla hajaambukizwa ongeeni naye leo. Na ukiugua wewe? Umeandika barua nzima hujajiweka kwenye hesabu. Andika karatasi moja mbandike ukutani, dawa za mama na dozi zake, nani ana mzio wa nini, namba ya kituo cha afya, nani anachukua watoto, hela ya dharura iko wapi.

Kuna ugonjwa mmoja mmoja ambao haya yote ya kuhudumia nyumbani hayahusiki kabisa. Kama mlipo kumetangazwa Ebola au Marburg na mtu akapata homa na kutapika, msimguse, apewe sehemu peke yake, pigeni namba ya dharura waje waliovaa vizuri. Akifariki pia mwili haugusi mtu wala kuoshwa na familia, kirusi kinabaki na nguvu mwilini.

Kwa magonjwa mengine, ondokeni nyumbani bila kusubiri asubuhi mkiona mtu anapumua kwa shida au mbavu zinabonyea, kifua kinabana, midomo imebadilika rangi, amechanganyikiwa au haamki vizuri, degedege, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, mtoto hana machozi wala mkojo masaa mengi, damu inatoka mahali isipotakiwa. Kwa mama mkwe msisubiri hata yote haya, homa na sukari isiyoshuka inatosha. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni mkikinunua, chini ya 94 ongeeni na kituo, chini ya 90 ni dharura, ila kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine kinasoma juu kuliko hali halisi na rangi ya kucha nayo inakivuruga, kwahiyo mtu akihema kama amekimbia mpelekeni hata kama namba inasema nzuri.

Na kitu kingine kuhusu wewe. Habari angalia mara mbili kwa siku, chanzo kimoja viwili vya uhakika, inatosha. Ukiona hata baada ya kujua haya bado huwezi kuacha kufuta, usingizi hauji, moyo unadunda, nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili uso kwa uso, hiyo nayo inatibika na huna sababu ya kuivumilia.

Mumeo nguo mlangoni, hapana, isipokuwa kama kazi yake ni ya kushika wagonjwa au kuna mtu amemtapikia. Akifika anawe mikono kabla hajambeba mtoto. Kikubwa zaidi kwake ni kingine, siku akijisikia homa kazini akwambie kabla hajafika, ili akute dirisha la kile chumba liko wazi na mama yake ameshahamia upande wa pili.